Wanne Waliobaki Mtoni

Mwezi uliopita nilitoka kazini Arlington, hapa Marekani, nikashuka kwa miguu hadi ukingoni mwa mto Potomac, mahali ambapo watu huteremsha boti zao. Mzee mmoja alikuwa anahangaika kuwasha injini. Ilipokubali hatimaye, ikatema moshi, na harufu ya petroli ikachanganyika na ile ya matope yaliyoanikwa na jua. Ilibidi nikae kitako kwenye majani, na nguo zangu za ofisini. Ngoja niwaeleze kwa nini, maana jambo hili nimelinyamazia miaka kumi na saba.

Mama alizoea kusema kwamba harufu hiyo ndiyo iliyokuwa marashi yake ya usichana. Alikuwa askari. Nchi yetu, ambayo ameniomba nisiitaje, haina bahari hata kidogo, lakini ina mto mpana unaopitika kwa meli mwaka mzima, na katika mto huo kulikuwa na kikosi cha askari wa majini: watu waliofundishwa kuogelea na mzigo mgongoni, kuruka kutoka kwenye boti na kuendelea na mapigano nchi kavu. Wanawake walikuwa watatu tu. Mama alikuwa mmoja wao.

Kwetu Laurel, mji wa Marekani tulikohamia, hakuna aliyelichukulia hilo kwa uzito. Mama alikuwa anawaogesha na kuwalisha watu katika nyumba ya kulelea wazee, na Jumapili tulisali na Wakenya, ambao walimwita Afande. Rafiki yake mkubwa, Mama Shiko, nesi kutoka Nyeri, alipenda sana kumchokoza.

"Afande, hebu tuambie. Navy bila bahari hupigana na nani? Viboko?"

"Viboko ni waungwana," Mama alimjibu. "Ukiwapisha, na wao wanakupisha."

Wote wakacheka, na Mama akauliza habari za ugali. Mimi nilitamani aendelee. Shuleni nilikuwa nimejigamba kwamba mama yangu ni marine. Mwenzangu mmoja akafungua ramani kwenye kompyuta, akaitafuta nchi yetu, akazungusha kidole kwenye mipaka yake yote, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nilianza kumshuku Mama. Nilikuwa na miaka kumi, na sikujua kitu kibaya duniani kuliko kuchekwa.

Kiangazi hicho kanisa letu lilifanya pikniki Oxon Hill, kando ya mto uleule wa Potomac. Kulikuwa na nyama choma, chapati zilizofungwa kwenye foili, na akina baba waliobishana kuhusu mpira mpaka mkaa ukawazimikia. Mama alikaa ameupa mto mgongo. Nilidhani anakwepa mwanga.

Shiko alikuwa na miaka mitano. Alimfuata bata kwenye gati la mbao, akafika mwisho wa mbao, bata akaendelea na yeye akaendelea. Sisi tuliokuwa tunatazama upande ule tuliona kila kitu na hatukusogea. Mama, ambaye hakuona chochote, alisikia maji yakipasuka, akainuka. Alikimbia na kitenge chake, akajirusha kichwa mbele, na kabla Mama Shiko hajamaliza kulitaja jina la mwanawe, Mama aliibuka naye begani. Akamlaza kifudifudi, akamgonga mgongoni mpaka maji yakamtoka, na kilio kikafuata. Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Mimi kifua kilinijaa. Sasa wataamini, nikawaza.

Kisha Mama akageuka, akarudi majini.

Alizama, akaibuka, akatazama huku na huku, akazama tena. "Bado wanne," alisema kila alipotoa kichwa. "Bado wanne."

Mama Shiko alimsogelea akiwa amempakata mtoto. "Afande, toka majini, tafadhali. Mtoto alikuwa mmoja tu. Si huyu hapa?"

Mama alimtazama kama mtu asiyemjua, akazama tena. Wanaume wawili wakaingia kumtoa, na akapigana nao. Mmoja alipigwa kiwiko cha mdomo, damu ikamtoka. Msichana mmoja wa rika langu aliniuliza kwa Kiingereza kama mama yangu ana wazimu. Nikamjibu kwamba sijui.

Ambulensi ya kwanza ilimchukua Shiko na mama yake. Kutoka ya pili alishuka kijana mmoja mwenye sare ya bluu, akapiga magoti mbele ya Mama na kumuuliza jina. Kiingereza cha Mama kilikuwa kimemtoroka, na Kiswahili pia. Alikuwa amebaki na lugha ya nyumbani kwetu, ambayo pale hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Alikaa wima, visigino pamoja, mikono juu ya mapaja. Aliitazama sare ya yule kijana, akasema polepole, neno kwa neno:

"Mtumbwi ulikuwa na watoto watano. Nilimtoa mmoja. Nikaamriwa kurudi kwenye boti, nikarudi. Wanne niliwaacha wakiwa hai." Kisha akanigeukia. "Mwambie."

Nilielewa kila neno. Kanisa zima lilikuwa linanitazama.

"Anasema anasikia baridi," nikamwambia kijana kwa Kiingereza.

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, akamfunika blanketi. Kiingereza cha Mama kilikuwa kimerudi kiasi cha kutosha kulitambua neno hilo moja. Alinitazama, kisha akaachanisha visigino na kujivutia blanketi hadi mabegani.

Hospitali walimweka siku tatu. Aliporudi aliendelea na kazi yake. Mama Shiko alituletea chakula kila Jumamosi kwa miezi mingi, wala hakumwita Afande tena, yeye wala mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipothubutu kumuuliza. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, na hakuiweka pasi chini. Watu walikuwa wanakimbia vita, akasema, wakivuka mto usawa wa doria ya kikosi chake. Mtumbwi ukapinduka. Mkubwa wa doria alisema wale ni watu wa upande wa adui, waachwe.

"Niliruka mara ya kwanza bila ruhusa," alisema. "Mara ya pili niliogopa."

Nikamwomba msamaha kwa lile neno la baridi.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Na kweli nilikuwa nasikia baridi."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Mama alirukwa na akili na mimi nikamsitiri. Sasa najua kwamba pale ukingoni akili zake zilikuwa timamu kuliko za sisi sote. Alikuwa askari anayetoa ripoti. Mkubwa wake wa zamani hakuitaka, na kwingine kote hapakuwa na aliyemuuliza. Yule kijana alikuwa mgeni kabisa, lakini alikuwa amevaa sare, amepiga magoti, na kalamu alikuwa nayo mkononi, tayari kuandika.