Mstari Niliojifanya Kuusoma

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, na nikiwaambia leo msinicheke sana, kwa sababu bado inaniuma.

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa rekodi kwa hospitali moja ndogo huko Mwingi. Kazi yangu ilikuwa kusoma kile daktari ameandika, nitafute namba ya huo ugonjwa kwenye kitabu kinene, niiweke kwenye kadi, na nilisifika (sifa nilieneza mwenyewe, nikubali tu) kwamba hakuna mwandiko wa daktari ungenishinda. Hata manesi walikuwa wananiletea niwasomee.

Sasa kadi ya Mzee Hassan, mfanyabiashara wa mbuzi, ikajaa, nikatakiwa kumwandikia mpya. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka kutoka kwa lori la mifugo akavunjika nyonga, ikaunga, lakini maumivu yakarudi, na daktari akaandika mstari mmoja ambao sikuweza kuusoma hata nikiugeuza. Daktari mwenyewe alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Lakini nesi alikuwa amesimama hapo ananiangalia, nikaona haya kwenda kuuliza, nikajiambia nyonga nyingi zinazouma huku ni TB ya mfupa, nikaandika hivyo pamoja na namba yake, kadi ya zamani nikaifungia nyuma ya faili.

Daktari akahamishwa. Aliyekuja alikuwa na foleni ndefu, akaamini kadi yangu. Mzee akadungwa sindano miezi miwili, huku akiendelea kutembea nyuma ya mbuzi wake kwa sababu hakuna aliyemwambia asiukanyage huo mguu, na huko nyumbani wakamtengea kikombe na sahani wakiogopa kuambukizwa.

Halafu akaja daktari wa mifupa na picha ya eksirei ya hiyo nyonga mkononi, akaniita nje, mbele ya foleni yote, Mzee mwenyewe akiwemo, akanipa kadi ya zamani aliyoitoa nyuma ya faili.

“Nisomee hapa.”

Nikakohoa. Nikaisogeza karibu, nikaiweka mbali, nikasema mwanga ni kidogo (saa tano asubuhi, tumesimama kwa jua). Watu wakaanza kucheka.

“Siwezi, daktari.”

“Inasema mfupa umekufa baada ya kuumia. Alipovunjika, damu iliacha kufika kwa kichwa cha mfupa. Angepewa magongo wakati huo, pengine tungeuokoa. Sasa umebondeka.”

Kicheko kikaisha. Nikamgeukia Mzee nikingoja anitukane, na nilitaka anitukane, lakini alikuwa anamwangalia daktari.

“Kwa hivyo hii si TB?”

“Si TB, Mzee.”

“Basi naweza kula na wajukuu wangu?”

Alipoambiwa ndiyo akafunika uso na kilemba, akalia, na mimi nikalia hapo hapo mbele ya watu.

Tangu siku hiyo, mstari ukinishinda nilikuwa nabeba kadi mpaka kwa daktari, hata akiwa anakula, nauliza watu wote wakisikia. Wakaniita karani asiyejua kusoma. Mzee Hassan aliuza mbuzi wake wote msimu huo, na sokoni hakurudi tena kwa miguu yake.