Namba Nne wa Darasa la Jioni

Watu wakisikia habari za Iddi Shekiondo huuliza kwanza alifunga mabao mangapi. Hakufunga hata moja. Iddi ni beki wa kati, kazi yake kuwanyima wengine raha, na hiyo anaiweza. Mie mpira sikuwa nikiujua wala sikuutaka. Jina langu Arafa, mtu wa Makunduchi, nahudumia chai katika mkahawa wa chuo kimoja hapa Doha. Lakini msimu ule aliochezea timu ya chuo nusura uharibike kwa mkono wangu mie, sasa nani mwengine atausimulia?

Iddi ni mtu wa Muheza. Darasa la saba alifaulu kwenda sekondari, jina lake likabandikwa ukutani, na mwezi huohuo baba yake akaanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika kiuno. Sekondari ikaishia pale ukutani. Iddi akaingia shamba la mkonge, kisha Dar, kisha huku. Sasa ana miaka thelathini na saba na ndiye anayekata na kumwagilia nyasi za chuo, pamoja na uwanja wa mpira. Basi la kampuni iliyomwajiri linamchukua kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area, kwenye viwanda, saa kumi alfajiri, na jua likichomoza keshakata nusu ya uwanja. Miaka tisa hivyo. Na miaka tisa yote, ukikaa naye dakika kumi lazima akuambie kwamba yeye alifaulu. Tulikuwa tukimcheka, Mungu atusamehe.

Mwaka juzi chuo kikaanzisha darasa la Kiingereza kwa wafanyakazi, kila Jumanne, saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja. Mwalimu wetu alikuwa Virginia, Mkenya wa Bungoma, mwenyewe akisomea shahada ya pili hapohapo. Tulijiandikisha watu ishirini na kitu, madereva, walinzi, wasafishaji, na kila mmoja akapewa kadi ya mwanafunzi yenye picha yake. Wengine tulizitia kabatini. Iddi aliivaa shingoni, juu ya kadi ya kampuni, na Ijumaa akaenda nayo msikitini.

Sasa, vijana wa chuo wana timu, na timu iko katika ligi ya vyuo vya kanda: vyuo sita, nyumbani na ugenini, mechi kumi. Msimu uliotangulia walishika mkia kwa aibu. Kocha msaidizi wao, Silvesta, Mganda mfupi mwenye hasira za karibu, alikuwa amemwona Iddi akicheza na walinzi siku za mapumziko. Akaenda kuzisoma kanuni za ligi. Zilisema mchezaji awe ameandikishwa katika darasa lolote la chuo, na mpaka muhula uishe awe amehudhuria vipindi kumi na viwili kati ya kumi na vinne. Darasa lolote. Silvesta akatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye banda la mashine za nyasi, mkononi ana jezi namba nne.

Vijana wale, wengine watoto wa wenye nchi, wengine Wahindi na Wasudani, siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili walinyamaza, maana walikuwa wamechoka kuanguka. Mechi nane wakashinda sita, sare moja, kufungwa moja. Mie niliyekuwa siujui mpira nikawa natoka mkahawani na aproni yangu kwenda kupiga kelele kwenye uzio.

Basi hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mechi ya ugenini na chuo kimoja cha upande wa Wakra ilivurugwa na vumbi, wakaihamishia Jumanne. Iddi akaenda kucheza, mie nikaenda darasani. Daftari la mahudhurio likapita, nikaandika jina langu, nikaandika na la Iddi. Sikufikiri mara mbili. Sisi tunaopanda mabasi ya kampuni ndivyo tunavyoishi: anayefika mwanzo anawaandika wenzake, la sivyo aliyecheleweshwa na basi anahesabiwa mtoro. Jumanne nyengine lilipasuka bomba la maji, Iddi akabaki kulishughulikia, nikamwandika tena. Nilijiona mtu mwema.

Baada ya mechi ya nane watu wa Wakra wakapeleka malalamiko, wakataka daftari. Wakakuta kwamba Jumanne ile, saa ileile, Iddi Shekiondo alikuwa darasani anajifunza Kiingereza, na papo hapo alikuwa kwenye uwanja wao akimwangusha mshambuliaji wao. Tukaitwa mbele ya kamati ya ligi. Nilisema kweli yote, kwamba mwandiko ni wangu na yeye hakunituma. Chuo kikanitoa darasani muhula ule, haki yao. Iddi hakuniambia neno baya hata moja. Ningetaka anitukane, nami nimtukane, yaishe. Alinitazama tu, akauliza kama nimekula, na roho iliniuma siku tatu.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa mtu mpole wa maneno, ananukia vizuri. Alisema anawaheshimu sana wafanyakazi, lakini ligi ni ya wanafunzi, na si vizuri mkata nyasi kuitumia kadi kama tiketi. Alisema hivyo Iddi akiwa amesimama mbele yake, kana kwamba hayupo. Uamuzi ukawa huu: vipindi viwili vya uongo vifutwe, vibaki kumi vya kweli, na Iddi asikanyage uwanjani mpaka atimize kumi na viwili. Zilikuwa zimebaki Jumanne mbili tu. Na mechi ya mwisho, nyumbani, na Wakra haohao, ilikuwa Jumanne ile ya mwisho, saa kumi na mbili jioni. Saa ya darasa.

Jumanne ya kwanza Iddi akahudhuria, vikawa kumi na kimoja. Mechi ya tisa tulicheza bila yeye, tukachapwa tatu. Wakra wakatupita kwa pointi moja. Ili tuchukue kombe ilikuwa lazima tuwafunge.

Siku mbili kabla ya mechi Iddi alikuwa mkahawani anakunywa chai, Silvesta akaingia na karatasi na kalamu. Ligi imepata njia, akasema. Iddi atacheza mechi nzima kama mchezaji mgeni, mradi asaini kwamba yeye ni mfanyakazi aliyealikwa na hakuwa mwanafunzi. Mechi za nyuma hawatazigusa. Saini moja tu. Nahodha wa vijana alikuwa nyuma yake, anamsihi kwa macho. Hata mie nikaingilia, nikamwambia Iddi asaini bwana, karatasi ni karatasi, kombe liko mlangoni.

Iddi akaweka kikombe chini. "Dada Arafa, mara ya kwanza jina langu lilibaki ukutani kwa sababu ya mnazi. Safari hii nilifute kwa mkono wangu mwenyewe?"

Akamgeukia Silvesta. "Kocha, mimi hapa si mgeni. Wa kuniita mgeni katika mji huu wako wengi. Wewe usiwemo."

Silvesta alikasirika mpaka masikio. Alisema Iddi ana kichwa kigumu, kwamba anawaangusha vijana ishirini kwa ajili ya kadi ya plastiki, akaikunja karatasi akatoka bila kuaga. Lakini siku ya mechi, katika orodha ya wachezaji wa akiba, mstari wa mwisho kabisa, alikuwa ameandika namba nne. Mwenyekiti akatia alama ya kuuliza pembeni.

Jumanne ile mie nilisimama ukumbini, kwenye mlango wa darasa uliokuwa wazi, kwa kuwa ndani sina ruhusa. Iddi akaja na ovaroli, chini yake jezi, miguuni viatu vya mpira vinagonga vigae ko ko ko. Akakaa kiti cha mbele. Uwanja haupo mbali, na kila kelele ilikuwa ikituingia. Ilipofika dakika kama ya ishirini tukasikia shangwe kubwa, na haikuwa ya kwetu. Wakra walikuwa wametangulia.

Virginia akafunga kitabu. Alimwambia Iddi akimbie, atamwandikia kipindi, wote tumeona kwamba amekuja. Darasa zima likaitikia.

"Mwalimu, vipindi vya bure nimeshapewa viwili," Iddi akasema. "Endelea."

Akaendelea. Wallahi niliona saa ya ukutani imelala. Vitenzi vya wakati uliopita, kimoja baada ya kimoja, na huko nje vijana wanateketea. Nilitamani niingie nimtoe kwa kola. Yeye anaandika taratibu, ulimi umetoka kidogo, jasho linamshuka shingoni. Kalamu hakuiweka chini. Saa moja kamili Virginia akamaliza, akaandika barua fupi kwamba vipindi vimetimia kumi na viwili, akaipiga muhuri wa idara. Iddi akaipokea kwa mikono miwili. Kisha alikimbia.

Nilipofika uzioni nahema, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, bado moja bila. Iddi keshavua ovaroli, amesimama pembeni ya mstari kwa jezi. Mwamuzi wa akiba anamtazama mwenyekiti, mwenyekiti anaisoma barua. Akaisoma, akaigeuza, nyuma hapakuwa na kitu, akaisoma tena. Akasema mechi imeshakwenda mbali, pengine ingekuwa busara kungoja msimu ujao, pengine na hiki kipindi cha leo kihakikiwe kwanza.

Hapo nikachoka mie. Nikapaza sauti uzioni, kwa Kiswahili, maana hasira zangu hazijui lugha nyengine, kwamba daftari la leo mie sikuligusa, waulize watu ishirini. Madereva na walinzi wakacheka, nao vijana wa benchi, waliokuwa hawaelewi hata neno, wakaanza kupiga makofi. Makofi yakazunguka uwanja.

Iddi hakucheka. Alimwambia mwenyekiti kwa Kiingereza chake, polepole, bila kukosea: "Kanuni ni yenu. Nimeitimiza."

Mwamuzi wa akiba akainua kalamu akauliza amwandike kama nani. Mwenyekiti akaikunja barua, akasema, bila kumtazama mtu, amwandike mwanafunzi. Ilikuwa dakika ya sitini na moja.

Sitaki kuwadanganya. Hatukuchukua kombe. Iddi alipoingia Wakra hawakuvuka tena, dakika ya themanini tukasawazisha kwa kona, na dakika za mwisho tulipiga mwamba nikadhani nazimia. Ikaisha sare, bao moja kwa moja. Vijana wetu walilia. Silvesta alikuja akamshika Iddi kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa. Mie nililia pia, na sijui nilikuwa namlilia nani.

Wakra wakapewa kombe lao katikati ya uwanja. Mwenyekiti akatangaza kwamba wanafunzi wote wa timu zote mbili waje wapige picha ya pamoja. Wanafunzi wote, alisema hivyo. Vijana wetu wakasitasita kwa uchungu. Iddi hakusita. Alikwenda wa kwanza, akasimama mstari wa mbele, katikati kabisa, mikono kaikunja kifuani, mpaka yule mwenye kombe ikabidi asogee. Hakutabasamu hata kidogo. Ikapigwa picha ya kwanza, ikapigwa ya pili.

Kisha akawageukia wote, mwenyekiti akiwemo, akiwa bado na jezi yake namba nne. Akawaambia, "Haya, tokeni uwanjani sasa, nafungua maji."

Wakatoka.