Raundi Aliyoiacha Gerishon

Mji wetu wa Eldoret unajulikana kwa wakimbiaji. Ukiamka mapema utawaona barabarani wakipita kwa makundi, na mtoto akionyesha miguu mirefu kidogo tu, wazazi wanaanza kuota medali. Ndugu zangu wawili walizaliwa humu humu, wakakulia mtaa wa Langas, na kati ya michezo yote ya dunia wakachagua ule wa kusimama mtu akupige usoni. Nimewauliza mara nyingi ni nani aliyewaroga.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni mkubwa wao, Gerishon Wahome. Ni fundi viatu, na kibanda chake kimeegemea duka la kinyozi. Mimi, dada yao Ciru, nauza mboga karibu hapo, kwa hivyo mambo yake nayajua, hata yale anayodhani ameyaficha. Hakuoa na hana mtoto. Ana sindano zake, gundi, redio yenye antena ya waya, na upole ambao siku nyingine unanitoa jasho la hasira.

Mbali na viatu, Gerishon hushona glavu za vijana wa klabu ya ndondi. Glavu ikichakaa, sponji ya ndani hujikunja ikawa ngumu, na anayepigwa nayo anaumia zaidi. Gerishon hufumua mshono, akatoa sponji iliyokufa, akaweka nyingine aliyoikata kwenye godoro kuukuu, kisha akashona. Halafu hufanya jambo ambalo wapita njia hulicheka: huivaa na kujipiga nayo shavuni, upande huu na upande ule. Ikimwumiza, anafumua tena. Anasema hataki mtoto wa mtu apasuke kwa sababu ya kazi yake.

Zamani yeye mwenyewe alikuwa bondia wa klabu hiyo, na mdogo wetu Antony pia, uzito mmoja. Miaka tisa iliyopita walikutana fainali. Mshindi angechukuliwa na timu ya idara moja ya serikali, na kuingia timu ilikuwa kupata kazi. Raundi mbili za kwanza zilikuwa moto. Raundi ya tatu, Gerishon akawa kama mtu aliyesahau mikono nyumbani. Antony akashinda kwa pointi. Mkewe, Njambi, alikuwa na mimba ya kwanza, na sote tulijua nyumbani kwao hakukuwa na kitu. Wiki hiyo hiyo Langas nzima ikaanza kusema kwamba Antony ameachiwa ushindi.

Antony alikwenda kumwuliza.

"Uliniachia?"

"Sikukuachia," Gerishon akamjibu. "Ulinishinda."

Akamwuliza tena Krismasi, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo hakuuliza. Alihamia mtaa wa Kapsoya, akaacha kuja kwetu, na akilazimika kupita karibu na kibanda cha ndugu yake, alivuka barabara. Watu walisema ni maringo ya pesa. Hayakuwa maringo. Mtu amepata kazi, nyumba nzuri, watoto wanasoma, na kila kitu anachokishika anajiuliza kama ni chake au alipewa. Nilimwonea huruma sana, ingawa sikumwambia, maana na mimi alikuwa ameniudhi.

Sasa, sisi Wakikuyu jina la mtoto hatulitafuti hapa na pale. Mvulana wa kwanza huitwa jina la babake baba yake, wa pili jina la babake mama yake, na wa tatu jina la kaka mkubwa wa baba. Antony alikuwa na wavulana wawili. Mvua za mwaka huu zilipoanza, Njambi alijifungua, na habari zikanifikia nikiwa nakata sukuma wiki. Niliacha kisu hapo hapo nikaenda kwa Gerishon.

"Ni kijana," nikamwambia.

Alikuwa na kiatu magotini. Aliendelea kushona, lakini niliona sindano inarudi kwenye tundu lile lile. Sisi wawili tulijua zamu ya jina ni yake. Kumruka ndugu kwenye jina ni kusema mbele ya ukoo wote kwamba hayupo. Na kwa kuwa Gerishon hana mtoto wake, mtoto huyu ndiye angelibeba jina la Wahome, na asipolibeba lingezikwa naye.

Wiki zikapita, mtoto bado anaitwa Kababa. Kwetu kila mtoto mchanga wa kiume ni Kababa, kwa hivyo hilo si jina. Mama yetu alitoka kijijini Ziwa na jogoo na maziwa, akashinda Kapsoya kutwa nzima, akarudi kwa ng'ombe wake bila kuambiwa mjukuu ni nani. Nilipokwenda mimi, nilimkuta Njambi akinyonyesha.

"Mama Waithira, mimi nimechoka," akaniambia, akiniita kwa jina la binti yangu. "Nikimwuliza, anasema bado anafikiria. Huyu ataanza kutembea kama bado hana jina."

Antony alikuwa nje anaosha pikipiki iliyokuwa safi tayari. Nikamsimamia kichwani.

"Unangoja nini?"

Alisugua taa ya mbele kwanza. "Siwezi kuita mtoto wangu kila asubuhi na jina la mtu ananidanganya. Mwambie Jumamosi aje pale hall ya klabu na glavu. Raundi moja tu. Anipige vile angenipiga siku ile."

"Na hicho kitambi chako?"

"Anipige na kitambi."

Nilipompelekea Gerishon ujumbe huo, alizima redio. "Ciru, mimi sitaki kumpiga Antony," akasema.

"Hata mimi sitaki umpige. Nataka mtoto awe na jina."

Jumamosi mchana tukakutana ukumbini, sisi watatu tu. Palikuwa na viti vya harusi iliyomalizika, tukavisogeza ukutani. Mimi nilikuwa nimebeba taulo na chupa ya maji, kama vile nafahamu kazi hiyo. Walivua mashati bila kutazamana. Mungu anisamehe, lakini nilitaka kucheka, maana nilikuwa nawakumbuka wakiwa wembamba.

Gerishon alitoa jozi mbili za glavu kwenye gunia. Moja alikuwa ameishona upya, nyingine bado. Akajipiga shavuni na hii, akajipiga na ile, kisha akaweka jozi moja mbele ya Antony na kuanza kuvaa nyingine. Antony alikuwa anamtazama. Akachukua glavu aliyowekewa, akajipiga nayo shavuni. Akanyoosha mkono akachukua moja ya ndugu yake, akajipiga nayo pia.

"Brathe," akasema. Lilikuwa neno la kwanza Antony kumwambia tangu Krismasi ile. "Hizi zako ndizo laini. Umejiwekea laini ndio usiniumize."

Gerishon alitazama sakafu.

"Badilisha."

Wakabadilishana, nami nikawafunga kamba. Antony akaanza kumwendea. Gerishon alikinga, akainama, akazunguka, akarudi nyuma mpaka kwenye viti vya harusi, akafanya kila kitu isipokuwa kupiga. Antony alimfuata mpaka pumzi ikamwishia. Akasimama katikati ya ukumbi, mikono imelegea, macho yamejaa machozi.

"Hivi ndivyo ulifanya," akasema. "Ni hivi hivi."

Iliniuma kuwaona wote wawili namna ile, na mimi nikiumwa huwa nagomba. "Gerishon," nikasema, "mpige huyu mtu twende nyumbani. Nimeacha mboga kwa jua."

Gerishon akatoka kwenye viti, akamkaribia ndugu yake. "Inua mikono," akamwambia.

Antony akainua. Mkono wa kushoto wa Gerishon ukatoka, ule wa zamani niliokuwa nimeusahau, wa kulia ukaufuata, na Antony akajikuta ameketi sakafuni, damu inamtoka puani.

Gerishon alipiga magoti mbele yake. Alitaka kumpangusa kwa taulo, lakini glavu zilimzuia kulishika, likawa linaanguka na yeye analiokota. Mwishowe akaliacha.

"Raundi ya kwanza ulinishinda," akasema. "Ya pili nilikushinda. Ya tatu nilikuachia. Njambi alikuwa na mimba, na mimi nilikuwa na sindano yangu, sikuwa na shida. Nilikuachia, Antony. Halafu nikakudanganya."

"Najua."

"Ulijua?"

"Tangu siku ile. Tulilala kitanda kimoja utotoni, nikose kujua ngumi yako?" Antony alijifuta kwa kigasha cha mkono, damu ikaenea mpaka shavuni. "Watu wote wameniambia isipokuwa wewe. Nilitaka tu uniambie wewe."

Nikampa maji, akasukutua. Kisha akaniomba nimtolee simu mfukoni, maana na yeye alikuwa bado amefungwa glavu. Nikampigia Njambi, nikamshikia simu sikioni.

"Niko sawa," akasema, sauti imeziba. "Ni pua tu. Wacha kulia, mama. Niambie, Wahome amelala?"

Nikamsikia Njambi akilirudia jina polepole, halafu akisema ndiyo, Wahome amelala.

Gerishon alikuwa akihangaika kufungua kamba za glavu kwa meno. Akaacha. Akajifunika uso kwa zile glavu ngumu, akalia, mabega yanatikisika. Nilimwacha alie mpaka amalize, ingawa mboga zangu zilikuwa bado juani.