Mzee Kifungu na Mifuko ya Chini ya Godoro

Jina la Kifungu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ukimsalimu asubuhi, kabla hajaitikia, atakutajia kifungu cha sheria unachokivunja kwa kusimama hapo uliposimama. Alikuwa karani wa stoo miaka thelathini. Siku ya pili tu ya kustaafu akaanza kuhesabu vijiko vya mkewe. Basi serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki na ofisi ya mtaa ikatafuta msimamizi wa kuikusanya, nani mwingine? Mkewe ndiye aliyefurahi kuliko wote. "Nenda baba watoto, kaijenge nchi," alimwambia. "Hapa jikoni umeshajenga vya kutosha."

Loo, aliijenga kweli! Muuza mboga wa kona alinyang'anywa mifuko yake yote mbele ya wateja, mama wa watu akabaki anafunga mboga kwa mtandio wake, machozi yakimlengalenga. Muuza nyama akahamia kwenye magazeti, na watu wakawa wanafika nyumbani na maini yaliyochapwa matokeo ya mpira. Wakilalamika, Mzee anajibu, "Sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma, Mzee," muuza nyama akamwambia siku moja, kisu mkononi. "Kwako umeshakagua?"

Neno hilo lilimkaa rohoni. Kesho yake mkewe alipokwenda kumwona dada yake, Mzee akaikagua nyumba yake mwenyewe. Juu ya kabati, hamna. Nyuma ya mlango wa jikoni, hamna. Akainua godoro upande wa mkewe, na lahaula! Mifuko ndani ya mifuko, iliyokunjwa, iliyofungwa mafundo, akiba ya miaka na miaka. Hakufungua hata mmoja. Aliijaza yote kwenye gunia, akaliburuta mchana kweupe katikati ya mtaa ili kila mwenye macho aone, akalikabidhi ofisini. Mtendaji wa mtaa, binti mpole mwenye miwani, akampa fomu atie saini. Chini ya fomu paliandikwa: kilichosalimishwa hakirudishwi. Sentensi hiyo alikuwa ameitunga Mzee mwenyewe, na aliisoma tena kwa raha.

Jioni mkewe akarudi, akaingia chumbani. Kisha sauti ikatoka, "Baba watoto, mbona godoro limelala chini hivi?"

Akaelezwa, kwa madaha na vifungu. Akaketi kitandani taratibu.

"Na barua ya kiwanja?"

"Si iko kwenye sanduku?"

"Sanduku liliingia maji mwaka ule wa mafuriko. Niliitia barua kwenye mfuko, nikautia mfuko kwenye mfuko, nikafunga, nikatia kwenye mwingine, nikalalia."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia ungeipiga namba."

Mzee akaenda kulifungua sanduku hata hivyo. Wapima ardhi walikuwa wanaingia mtaani kesho yake asubuhi, na tangazo lilisema wazi: asiyeonyesha barua halisi, kiwanja chake kinaandikwa cha wazi, hakina mwenyewe. Nyumba yote hiyo, matofali waliyofyatua wenyewe wakiwa vijana, chumba walimozaliwa watoto watano! Usiku huo hakuna aliyelala, na godoro halikuwa sababu.

Alfajiri walikuwa mlangoni pa ofisi. Mtendaji alipofika alimsikiliza, akavua miwani. "Mzee, kilichosalimishwa..."

"Nakijua, mwanangu. Nakijua kuliko wewe. Nakuomba."

Akawafungulia stoo ya ofisi, imejaa mpaka darini. Mzee alichambua mifuko kwa rangi, kwa ukubwa, akaanza na kuipanga, hadi mkewe akamsukuma pembeni. Yeye hakutumia macho. Alipapasa mafundo tu, moja baada ya jingine, na mvua ilipoanza kupiga bati alikuwa bado anapapasa. Mara akapiga kigelegele. Barua ilitoka kavu, muhuri unang'aa utadhani umegongwa jana.

"Barua chukueni," mtendaji akasema kwa haya. "Ila mfuko unabaki. Ndiyo sheria." Akawapa bahasha ya karatasi.

Nje mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo, na mtoto mmoja alipita akipiga kelele kwamba wapima wameshafika upande wa kina Mzee. Mzee aliitoa bahasha hiyo tupu nje ya mlango kidogo, kuijaribu. Ikalegea mkononi mwake.

Kibarazani walikuwa wamejibanza watu wa mtaa, muuza nyama na muuza mboga mbele kabisa, wote wanaangalia. Mzee akarudi mezani. Akauchukua mfuko, akaitia barua, akafunga harakaharaka. "Andika, mwanangu. Mtu mmoja, mfuko mmoja, kwa makusudi. Na usimamizi nimeuacha."

Akatoka nao kifuani. Muuza nyama hakuvumilia. "Kifungu cha ngapi hicho, Mzee?"

Watu wakaangua kicheko, na mkewe naye akacheka, msaliti mkubwa. Muuza mboga peke yake hakucheka. Alimzuia Mzee pale ngazini, akautazama mfuko.

"Hapo umefunga nini? Maji yataingia. Lete."

Akalifungua fundo, akaukunja mdomo wa mfuko mara tatu, akakaza kwa meno. Mzee alisimama mbele yake, kichwa chini, maji yakimchuruzika masikioni.

"Nisamehe, dada," akasema.

"Kimbia kwanza ukaokoe nyumba," muuza mboga akamjibu, akimsukumia mfuko kifuani. "Huo msamaha utaufuata pale konani, kama hujanihamisha."