Wanampa Marehemu Gazeti Nililolianzisha Mimi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni bibi wa miaka themanini na minne. Naishi Busia upande wa Kenya, ila nilizaliwa Molo, huko Tororo. Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika kwenye simu, na nimemwonya asilainishe kitu. Majina ndiyo tumebadilisha.

Wiki ijayo ukoo wa aliyekuwa mume wangu unafungua maktaba Tororo. Nitamwita Mwalimu, maana ualimu ndio ilikuwa kazi yake. Alishafariki. Ukutani wameweka jiwe lenye jina lake, na chini yake wameandika kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa gazeti la Pande Mbili. Mimi nimealikwa. Nimeshonewa gomesi mpya, nimewekewa kiti cha mbele, na nimeambiwa nisifungue mdomo.

Gazeti hilo nililianzisha mimi.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya huku na huku, nilikuwa mpiga taipu wa mama mmoja Mzungu wa misheni. Alipokuwa anarudi kwao aliniachia taipureta na mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nikaanza kutoa kurasa chache za Kiswahili: bei ya pamba, nani amefiwa, kwa nini treni imechelewa, forodhani Busia wanakataza nini. Niliandika mwenyewe, nikazungusha mwenyewe mpaka wino ukanikaa kwenye kucha, nikaenda kuuza mwenyewe stesheni ya Tororo na pale mpakani. Msamia alinunua, Mteso alinunua, makabila yote ya mpakani. Mwalimu alikuwa akicheka tu.

"Mama Owor, ile karatasi yako ya umbea imeuzwa leo?"

"Imeisha yote," namjibu. Hapo kicheko kinakatika.

Halafu wanawake wa Molo wakaanza kuninong'oneza jambo sokoni. Walisema kwenye zahanati ya huko, mama mwenye mtoto mgonjwa haingii kwa daktari mpaka kwanza apalilie pamba ya mkuu wa gombolola, yaani mtawala wa eneo letu. Sikutaka kuandika jambo la kusikia. Owor wangu alikuwa mchanga na alikuwa na homa, nikamfunga mgongoni nikaenda. Sikufika hata mlangoni. Askari wa mkuu alinipa jembe, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Kwanza lima, mama. Halafu naingia."

"Mtoto anachemka!"

"Wote nachemka. Lima."

Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, lima tu. Ukibishana watakurudisha mwisho." Nililima juani, mtoto analia mgongoni mpaka sauti ikamkauka. Nilipoingia na kupata dawa, nilikuwa nimeshaiandika habari yote kichwani.

Niliichapa kama ilivyokuwa, na jina langu chini yake. Soko la Tororo lilisimama. Wasiojua kusoma walisomewa, na wakataka wasomewe tena. Siku chache baadaye mkuu akaja nyumbani kwetu. Nilitoka nimsalimie, lakini Mwalimu alinipita mlangoni akapiga magoti mbele yake. Mume wangu, mtu wa suti na tai.

"Mzee, tusamehe. Mke wangu hajui anachoandika. Kuanzia leo gazeti nalishika mimi."

Wakakubaliana mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti. Toleo lililofuata lilikuwa na ombi la msamaha kwa mkuu, na pale juu, penye jina la mhariri, palikuwa na jina la Mwalimu. Nikamwambia futa jina lako. Akasema, "Chagua. Nyumba hii au uandishi."

Niliondoka na taipureta kichwani. Mtoto walinizuia. Walisema ni wa ukoo, nikilia nilie nikiwa barabarani. Nililia kweli, jamani, lakini nililia natembea. Busia upande wa pili nilimpata padri aliyeniruhusu kutumia mashine ya kanisa. Gazeti langu jipya la kwanza lilirudia habari ile ile ya jembe, na sasa wanawake watatu walikubali majina yao yawekwe. Liliingia Uganda ndani ya vikapu vya samaki, likanuka, likasomwa. Mkuu akahamishwa. Akina mama wakawa wanaingia zahanati bila jembe.

Gazeti la Mwalimu lilikuwa linasifu wakubwa tu, likafa. Mimi nilifungua duka la kuchapisha, nikafundisha wasichana kazi, nikalisha watu kwa wino. Owor alilelewa huko, akakua akiambiwa kwamba mama yake alikimbilia Kenya na baba yake ndiye alikuwa mwandishi.

Alinitafuta ukubwani, nikamweleza yote. Juzi amekuja kunibembeleza. "Mama, mwache mzee apumzike na heshima yake. Wanaokumbuka mambo hayo wameisha."

"Mimi sijaisha," nikamwambia.

Akakasirika. "Ukisema neno pale, usinihesabu tena kuwa mwanao." Akaondoka hata chai hakumaliza.

Nampenda mwanangu. Walishaninyang'anya mara moja, na uzee huu sijui kama utavumilia mara ya pili. Ila siwezi kukaa kiti cha mbele nimevaa gomesi yao nikipigia makofi uongo. Kwenda nitakwenda. Kusema nitasema.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nishaurini jambo moja tu: nisimame kabla hawajalifunua lile jiwe, au nisubiri walifunue kwanza ndipo niseme? Na mwanangu nimwambie nini kabla ya siku hiyo? Atakayeniambia ninyamaze, apite tu.