Jiwe la Mpaka Nyuma ya Nyumba Yetu

Nyumba yetu ya Mkuyuni imekuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, Mwislamu, aliyeijenga kwa miti na udongo, vyumba viwili na kibaraza cha kushonea. Alipozeeka akamuuzia mama mmoja Mkerewe, mfanyabiashara wa dagaa. Huyo ndiye aliyepiga lipu kuta na kubadilisha mabati. Naye akamuuzia babu yangu, aliyekuja kutoka Misungwi baada ya kuuza ng'ombe wake.

Karatasi ya mauziano tunayo. Inasema mpaka wa upande wa mlimani ni jiwe kubwa.

Jiwe hilo halipo. Babu alitaka kuongeza chumba kwa nyuma na hakuwa na kokoto. Kwao Misungwi mpaka ni mstari wa miti ya minyaa. Jiwe kwake lilikuwa jiwe tu. Alilichoma kwa magogo siku mbili, akalimwagia maji, likapasuka. Bibi na shangazi zangu wakaliponda. Ndiyo sakafu ya chumba anacholala bibi mpaka leo. Babu alishafariki.

Wapimaji walipokuja mtaani kuweka bikoni, zile nguzo fupi za mipaka, ili watu wapate hati, jirani wa juu, fundi baiskeli, alisema mpaka unapita katikati ya chumba cha bibi.

"Karatasi yenu inasema jiwe. Haya, nionyesheni jiwe."

"Tulilivunja," bibi akajibu.

"Mmevunja mpaka wenyewe? Si mngelisaga mkasonga ugali kabisa!"

Watu walicheka. Mwenyekiti wa mtaa hakucheka. Alisema tukikosa shahidi, chumba kitabomolewa. Wapimaji wangerudi kesho kutwa.

Nilitumwa Usagara kumtafuta yule mama wa dagaa. Nilimkuta kwa binti yake, anachambua maharage. Nikasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nilipomaliza kumweleza, aliuliza jambo moja tu: "Bibi yako bado analala mle?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kesho kutwa asubuhi nitakuja."

Alikuja kweli. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akapiga chini kwa fimbo. "Chimbeni hapa."

"Mama, umehama miaka mingi," jirani akasema. "Utakumbukaje?"

"Nilianika dagaa juu ya jiwe hili tangu wewe hujui kuvaa kaptula. Nani alikuwa anapanda kuniibia?"

Safari hii mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Jirani akasema, "Mama, hayo yaache," akaenda mwenyewe kuleta sururu.

Shimo lilipofika magotini, sururu iligonga. Kitako cha jiwe kilikuwa bado ardhini, kina weusi wa moto, hatua tatu nyuma ya chumba cha bibi. Lakini bafu letu, alilojenga baba baadaye, lilikuwa ng'ambo yake.

"Hili bafu mmeingia kwa jirani," mama wa dagaa alisema bila kuulizwa.

Bibi alimtazama kidogo. "Ni kweli," akasema.

Bikoni ikawekwa palepale. Jumamosi tulibomoa bafu, na jirani akatusaidia kubeba matofali. Bibi hakuhama chumba chake. Kwa wiki tatu, mpaka bafu jipya lilipokwisha, alikuwa anaoga kwa jirani huyohuyo.