Kamba ya Katani kwenye Tairi la Baba

Juzi nilipeleka pikipiki yangu kwa fundi pancha pale Ngamiani, karibu na mtaa niliokulia. Kazi yangu ni ya chanjo, na wiki haipiti bila kupanda na kushuka vijijini. Fundi akalizungusha tairi la nyuma, akalipapasa kwa kiganja, akaniambia, "Dada, hili umelimalizia kwenye lami. Limelika katikati, pembeni bado jipya." Nikacheka. Elimu hiyo, rafiki yangu, niliipata kabla fundi huyo hajaota ndevu, na sikuipatia gereji. Niliipatia uani, nilikofungiwa.

Wageni huambiwa Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nilikuwa mwenyeji, basi nikakaa.

Nilipovunja ungo tu, bibi mzaa baba akanitawisha. Usidhani nilifichwa kabisa. Shule nilikwenda, na chuoni kusoma Kurani nilikwenda, lakini bibi mbele, mimi nyuma, buibui mpaka kisiginoni, na kurudi ni moja kwa moja uani. Huko kulikuwa na jiko la kuni, mtungi, kamba ya nguo na ukuta mrefu uliopachikwa vipande vya chupa juu. Ng'ambo ya ukuta nilikuwa nikisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe, kengele za baiskeli, na wenzangu niliocheza nao rede wakicheka kwa nguvu, kama wananikomoa. Nikisogea mlangoni, bibi anakuna nazi, hata shingo hageuzi: "Haluwa haiachwi wazi, mjukuu wangu." Wallahi niliichukia haluwa mpaka harufu yake. Kuna siku nilisimama katikati ya uani, nikatazama juu, nikaona hata mbingu ina kona nne.

Dirisha langu lilikuwa pikipiki ya baba. Alibeba abiria wa mbali na mizigo, anapeleka samaki wakavu wa ng'onda bara, anarudi na iliki na pilipili manga. Kila Alhamisi alasiri aliiingiza uani niioshe, Ijumaa aende nayo msikitini ikiwa safi. Nilianza na taa, nikamalizia na tairi la nyuma, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa na habari. Baba akitoka Korogwe na Mombo, tairi lilirudi limelika katikati, bapa, maana lami ya mchana ina joto na pikipiki inakwenda wima mwendo mrefu. Akitoka Pangani, ni mchanga tu, maji yanauondoa. Lakini akitoka upande wa milima, tairi lilirudi kingo zimenyofoka, mawe yamelichanachana, na udongo mwekundu umeganda kwenye mitaro yake. Niliuchokoa kwa njiti ya ufagio. Nami sijafika popote.

Sasa mama. Waliachana nikiwa mdogo. Alikorofishana na bibi kwa neno la jikoni, baba akaingia katikati ya ugomvi, ametoka safari, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Nimekuacha, talaka tatu!" Ametaka kunyamazisha nyumba, masikini. Nyumba ikanyamaza kweli. Mashehe wakamwambia tatu ni tatu, huyo si wako tena mpaka aolewe kwingine na aachike. Bibi akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nikaambiwa mama kahamia Pemba.

Alhamisi moja ya masika baba akasema ametoka Pangani. Nikainama na njiti yangu, nikachokoa pande la udongo mwekundu, nikamwonyesha. "Baba, siku hizi Pangani kuna udongo huu?"

Akatazama jikoni aliko bibi. Akachuchumaa kando yangu kama anakagua mnyororo, akaniambia kwa sauti ya chini. Mama yuko Maramba, kwa kaka yake. Yeye baba huenda, husimama mwisho wa ua, huacha ng'onda, hurudi. Na sasa mama ameposwa na mtu wa upande wa Kenya. Ndoa ni baada ya masika, kisha wanavuka mpaka.

"Nataka nimwone."

"Bibi yako atanitoa roho. Halafu litazame tairi lenyewe." Lilikuwa kipara, na tairi jipya baba alikuwa hajajaliwa. "Hili likinibeba mimi peke yangu linasali. Likitubeba wawili kwenye tope la Maramba, litatoa shahada."

Nililia kimyakimya, naosha pikipiki. Niliona kabisa kuwa mama ataolewa, atavuka, na mimi nitakuwa hapahapa nachokoa udongo wa alikopita mtu mwingine.

Siku zile bibi akaalikwa harusini Muheza. Alifunga mlango wa nje kwa kufuli, mimi ndani, ufunguo akampa jirani yetu, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Baba machozi yangu yalikuwa yamemshinda; alipokwenda kwake na kumweleza, yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akatandika mswala. "Mimi naingia kuswali," akasema. "Ufunguo uko mezani. Nikiwa katika sala sioni mtu."

Mpaka Mabokweni ilikuwa lami, na kwenye lami kipara hakina neno. Upepo uliniingia ndani ya buibui, nikacheka mwenyewe, nikameza na mdudu. Tulipoacha lami mambo yakageuka. Mvua ilikuwa imeshanyesha. Tairi la nyuma likawa linazunguka bure, linatupeleka upande, na kwenye mlima wa kwanza likatulaza chali wote wawili. Baba akajifuta tope. "Turudi, mwanangu."

"Rudi wewe." Mtoto wa Kitanga kumjibu baba yake hivyo! Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa chini, sinyanyuki.

Akapita mwanamke mmoja anaswaga mbuzi. Akalitazama tairi, akamtazama baba. "Mwenzangu, mwenye kipara unamtembeza kwenye mvua bila kofia?" Akafungua kamba ya katani kiunoni mwake, akatupa. Baba akatoa upepo kidogo tairi lilegee, kisha akaizungusha kamba juu ya tairi na kuipitisha kwenye rimu, kati ya spoku na spoku, akaikaza kwa meno. Likapata meno ya kuazima. Tulikwenda mwendo wa konokono, kamba inasagika, tunashuka, tunafunga upya, tunapanda tena.

Tulipofika kwa mjomba, mama alikuwa barazani anachambua iliki. Nikasema, "Shikamoo, mama," nikasikia sauti yangu imekuwa ya mtoto mdogo. Ungo ukamponyoka, iliki zikamwagika zote. Alinishika uso, akanisugua tope kwa kanga yake, ananiuliza mambo bila kungoja jibu: nimekula, nasoma, nani ananisuka. Nilimnusa shingoni, anukia moshi na iliki. Nilikuwa naye, na tayari nilikuwa nahesabu jua linavyoshuka.

Baba alibaki mwisho wa ua, anahangaika na kamba yake. Hawakuwa tena wa kuzungumza ana kwa ana, basi wakazungumza kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri tu.

"Mwambie baba yako kahawa hii, anywe ipate kumtoa baridi."

"Mwambie mama yako ahsante."

"Mwambie kwenye tairi hili asimpakie tena mwanangu."

"Mwambie hakuna safari nyingine."

Mjomba akatoka, akatukumbusha kuwa jua linakwenda. Mama akanivalisha buibui yangu, taratibu, akarudia kukaza kifungo kilichokwisha kukazwa. Baba akawasha pikipiki, akaizima.

"Mwambie mama yako," akasema. "Mwambie nimekosa."

Nikageuka nimfikishie. Mama hakuningoja.

"Nimesikia," akamjibu mwenyewe.

Bibi aliporudi kutoka Muheza alipita penye pikipiki, akainama, akachomoa uzi wa katani ulionasa kwenye spoku. Nilijua sasa nimekwisha. Akauviringisha kidoleni, akauliza tu, "Hawajambo huko?" akaingia jikoni. Ukali wake ulikuwa na mlango, kumbe, ila sikuwahi kuuona kabla ya hapo, wala sikuuona tena.

Mama alivuka. Bibi ametangulia mbele ya haki, uani pamebomolewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, na wasichana wa mtaa wanapita na simu mikononi, hakuna wa kuwaambia habari za haluwa. Ukuta ule siutamani. Namtamani bibi aliyekuwa ndani yake, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Baba amezeeka, pikipiki ameuza. Mama hunipigia simu kutoka kwa mumewe. Hamwulizi baba, na baba hamwulizi yeye. Lakini ikitokea nipo kwa baba na simu ya mama ikaita, mzee hunyoosha mkono, anazima redio yake, hata kama ni taarifa ya habari. Anakaa tu, ameinamisha kichwa, mpaka mama akate.